Mahindi Yaliyongoja Treni

Jairus Wabwile alizaliwa Kamukuywa, lakini ukimuuliza ni mtu wa wapi, angekujibu kwamba ni mtu wa reli. Babake alikuwa mpagazi katika stesheni ya Kitale enzi za Wazungu wa mashamba, ile njia ndogo inayochepuka toka njia kuu pale Leseru ikiwa bado changa. Desemba ikifika, mzee huyo alipakia masanduku ya familia zilizokuwa zikienda kupumzika ufuoni Mombasa. Yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Jairus alipoajiriwa na reli miaka ya sabini, babake alichinja mbuzi na kuwaambia majirani, "Mimi nilibeba mizigo. Huyu ataiamuru."

Na kweli aliiamuru. Alianza na kupeperusha bendera, akapanda hadi kuwa stesheni masta wa kituo kidogo kati ya Moi's Bridge na Kitale. Treni ilileta mbolea na kuondoka na mahindi, na hakuna gunia lililopanda behewa bila yeye kutikisa kichwa. Watu walimwita Masta. Kanisani aliachiwa kiti cha mbele.

Kisha njia ikaanza kufa, polepole kama mgonjwa wa kifua. Mabehewa ya abiria ndiyo yalitangulia kuacha kuja. Ya mizigo yakawa ya kubahatisha. Wenzake wengine walistaafishwa, wengine wakahamishiwa Bungoma kwenye njia kuu. Wabwile hakuna aliyemkumbuka. Simu ya reli iliyokuwa ukutani ikanyamaza, naye hakumwambia mtu kwamba imenyamaza. Kila asubuhi alivaa shati lake jeupe lililopigwa pasi ya makaa, akafagia jukwaa, akakaa ofisini mlango ukiwa wazi.

Mwaka wa 2006, baada ya mavuno, alikuja mwanamke wa Tongaren anayeitwa Nekoye. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima. Nduguye alifanya kazi kwenye kinu cha unga Mombasa, na kinu hicho kilikuwa tayari kununua mahindi yao yote kwa bei nzuri kuliko ya madalali, mradi tu yafike kwa reli. Nekoye alisimama mlangoni pamoja na wenzake.

"Mulembe, Masta," alisalimu kwa Kibukusu.

"Mulembe, mayi. Karibu mama, karibuni nyote."

"Sisi tumekuja kuuliza. Treni ya mizigo itapita lini?"

Wabwile hakujua. Hakuwa amesikia neno kutoka Kitale wala Eldoret kwa miezi mingi. Lakini akina mama wale walikuwa wakimtazama jinsi watu walivyomtazama zamani, na ulimi wake ukamtangulia.

"Novemba, katikati ya mwezi. Leteni mahindi mapema, msije mkaachwa."

"Ni hakika, Masta?"

"Mama, mimi ndiye reli hapa."

Walicheka kwa furaha. Wiki iliyofuata trekta la jirani yao Kimeli likaanza kuleta magunia, safari baada ya safari, hadi ghala la stesheni likajaa. Wabwile aliyapokea mwenyewe, akaonyesha pa kuyapanga. Bilha, mkewe, alimtazama akiwa hivyo akafurahi, maana ilikuwa muda mrefu hajamwona akipiga mluzi.

Magunia yalipokwisha kuingia, ndipo alipokwenda Kitale kuuliza. Alimkuta karani mmoja wa zamani akifunga virago vyake.

"Wabwile! Kumbe wewe bado uko kule?"

"Niko kazini. Nataka mabehewa ya mahindi."

Karani alidhani ni mzaha. Alipoona uso wake, sauti ikapungua. "Ndugu yangu, hakuna treni inakuja huku. Reli imeng'olewa hapo kwa kinamasi, chuma imeuzwa. Hawakukuambia?"

"Waliniambia," Wabwile akajibu. "Nilikuwa nahakikisha tu."

Hata mbele ya mtu aliyejua ukweli wote, alidanganya. Baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipojiogopa.

Bado angeweza kuokoa mambo. Mvua ilikuwa haijaanza. Angemtuma mtu Tongaren, mahindi yangerudishwa yakiwa makavu. Badala yake alifika nyumbani, akala, na Bilha alipouliza habari za Kitale akasema mabehewa yamechelewa kidogo. Kesho yake alipanga kusema ukweli. Kesho yake akakutana na mmoja wa wale akina mama sokoni, mama huyo akamsalimia kwa heshima hadi akainama kidogo, na Wabwile akashindwa. Kila siku aliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Novemba mvua ikaja, na mwaka ule haikujua kupumzika. Paa la ghala lilikuwa limetoboka upande wa nyuma. Wabwile alihangaika na maturubai, akahamisha magunia peke yake mpaka mgongo ukamlemea, lakini maji yaliingia pia kwa chini. Harufu ikaanza. Bilha aliisikia akiwa jikoni, katika nyumba yao ya stesheni. Alikwenda ghalani, akatia mkono ndani ya gunia, akautoa umejaa ukungu wa kijani.

"Baba Fridah," alisema, "treni iko wapi?"

Wabwile akavuta turubai juu ya magunia.

"Kama wewe huwezi kuwaambia, mimi nitaenda."

"Usiniaibishe, Bilha."

"Nani anamwaibisha nani?"

Bilha hakuwahi kwenda, kwa kuwa Nekoye alitangulia kuja. Alikuja na wenzake juu ya trekta la Kimeli, wakiwa wamelowa. Wabwile aliwapokea jukwaani, shati jeupe mwilini, na akaanza tena: njia ina matengenezo, wakubwa wameahidi, wiki ijayo.

Kimeli alizima injini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Masta," alisema, "mimi nalima karibu na kile kinamasi. Reli haiko. Ng'ombe ndio wanapita pale. Iliondolewa tangu mwaka jana. Uliposema treni yaja, nilidhani wewe unajua inarudishwa."

Nekoye alitembea hadi ghalani, akakaa humo kitambo, akarudi. Wabwile alingoja kelele, alingoja hata kofi. Nekoye alimuuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Ulijua?"

"Mwanzoni sikujua chochote. Baadaye nilijua."

"Si ungesema tu hujui? Tungekuonaje? Tungekuona mtu."

Mahindi yale hayakufaa hata kwa mifugo. Ukungu ule unaua, na kila mtu alikumbuka habari za watu waliokufa Ukambani kwa kula mahindi mabovu. Ikabidi yazikwe. Walichimba shimo refu nyuma ya stesheni, na Wabwile akachimba pamoja nao, akiwa amelivua lile shati. Mama mmoja aliyekuwa ametegemea mavuno yale kwa karo ya binti yake alilia akimwaga gunia lake. Hakumtazama Wabwile. Wengine nao hawakumtazama. Adhuhuri walipopumzika kunywa chai, walimpa kikombe kama wengine.

Kwa siku kadhaa hakutoka nyumbani. Kisha akakodi mkokoteni wa ng'ombe, akaenda Kamukuywa kwenye ghala lake mwenyewe, akapakia mahindi yote ya shamba lake na kuyapeleka Tongaren. Bilha alimuuliza watakula nini. Akasema viazi. Walikula viazi na ndizi mpaka mavuno mengine, na Bilha hakumlaumu, lakini hakumpigia pasi shati tena.

Mahindi yake hayakutosha kufidia hata sehemu ndogo. Alijua hivyo. Aliyapeleka nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba alisema maneno yale yale: "Niliwadanganya kwa kuogopa kuonekana si kitu." Wengine walimkaribisha ndani. Nyumba moja walifunga mlango, naye akaacha gunia kizingitini.

Alirudi Kamukuywa kulima. Kanisani alianza kukaa nyuma, karibu na dirisha, na wazee walipomwita mbele alikataa kwa kichwa. Nekoye alijenga upya kikundi chake, safari hii wakikodi lori, na mwaka wa 2009 alipita kwa Wabwile kumwomba awasaidie kupanga ghala lao, kwa kuwa kazi hiyo aliijua. Akakubali kupanga, akakataa ufunguo.

"Mayi, ufunguo ushike wewe," alimwambia. "Na mtu akiniuliza lori litafika lini, nitamtuma kwako."

Nekoye alimtazama, akautia ufunguo kwenye leso yake, wakaingia ghalani kuanza na magunia ya chini.