Kati ya Sifuri na Moja

Joanitha alikuwa akifundisha hisabati katika sekondari moja ya Izigo wakati mumewe, Isaac, alipozama ziwani akitoka kisiwa cha Bumbire kununua samaki. Mwili haukuonekana. Katika ukoo wao, asiyeonekana huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa, likavishwa nguo yake, likalazwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukoo, penye makaburi ya wazee. Bila kaburi msiba haufungwi, na Joanitha angebaki si mke wala mjane.

Ukoo ulikuwa tayari. Aliyekataa ni mama mkwe wake, Kokwijuka, aliyelificha shati la Isaac.

"Mimi sikuzaa mgomba," alisema.

Mwaka wa pili ukaisha hivyo. Alasiri moja, wakimenya ndizi jikoni, Joanitha akasema, "Mama, nimechoka. Kungoja huku hakuna mwisho."

"Kwani kwangu kuna mwisho?"

"Hakuna."

"Basi tuko sawa. Menya."

"Si lazima tuwe sawa," Joanitha alijibu kwa mazoea ya darasani. "Hata visivyo na mwisho huzidiana."

Kokwijuka akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Haya, Mwalimu. Ndiyo maana watoto wanafeli!"

Joanitha akamweleza. Moja, mbili, tatu hazikomi, lakini zinakaa kwenye foleni. Taja yoyote, ukihesabu utaifikia. Zile za desimali zisizokoma, zilizojaa kati ya sifuri na moja, hazikubali foleni. Zipange utakavyo, foleni yenyewe isiwe na mwisho, bado zitakuwepo zilizoachwa nje.

Mama mkwe akaweka kisu chini.

"Wewe unamngoja leo, kesho, keshokutwa," alisema polepole. "Hiyo ni foleni. Mimi, hapo katikati ya leo na kesho, sioni mahali ambapo hayupo."

Kokwijuka akaingia ndani, akarudi na shati.

"Mzike wako. Wangu mwache."

Jumamosi mchungaji akaongoza ibada, mgomba ukazikwa. Waombolezaji tulipita mmoja mmoja kutupa udongo. Kokwijuka naye alichota, akasimama ukingoni, kisha akaondoka nao mkononi.

Mwezi uliopita Joanitha alihamia shule ya Bukoba. Alipokwenda kuaga, alimkuta mama mkwe akimenya ndizi nyingi kuliko za mtu mmoja.

"Nenda, mwanangu," Kokwijuka alisema bila kuinua macho. "Wewe ulikuwa kwenye foleni tu."