Umebima Trekta?

Mwanangu, kuna siku niliulizwa swali la maana kabisa nikalijibu upuzi, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Keti kwanza. Kesho unakwenda mjini Garissa kuchagua boksi la trekta, na najua watakavyokuzungusha pale dukani, maana walinizungusha mimi kabla yako.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye nguvu na kiburi chake. Kikundi chetu cha wakulima wa kando ya mto Tana kilikuwa na trekta moja, ndogo, na dereva nilikuwa mimi. Wanaume walisema mwanamke ataitumbukiza Tana. Thubutu! Nililima nayo misimu miwili bila kuvunja hata taa.

Sasa silanga letu, lile bwawa la mvua wanakonywesha wafugaji, lilikuwa limejaa udongo. Lisipokwanguliwa kabla ya mvua halingeshika maji, na mbuzi na ngamia wangepita katikati ya mashamba yetu kufika mtoni. Unajua kinachofuata hapo. Migomba inaliwa, fimbo zinatoka, na watu waliokuwa wakinywa chai pamoja wanakutana hospitalini. Basi tukakubaliana na wafugaji: sisi tutoe trekta, wao watoe dizeli.

Nikatumwa kutafuta boksi, hilo la chuma linalofungwa nyuma ya trekta, lenye meno ya kuchimbua na bamba la kukwangua. Muuzaji akanitazama juu chini, akasema, "Dada, haya mambo ya wanaume. Mwambie mzee wako aje." Ebo! Damu ikanichemka. Nikanyoosha kidole kwenye boksi kubwa kuliko yote, nikamwambia, "Nipe lile." Sikuuliza upana, sikuuliza uzito. Nilikuwa namjibu yule bwana, mwanangu, sikuwa nachagua boksi.

Nilipolifikisha nyumbani nilimkuta mzee Hirsi, mfugaji aliyekuwa na wanyama wengi kuliko wote pale silangani. Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza ng'ombe, na "pa" yake siku zote ilikuwa "ba". Akalizunguka lile boksi taratibu, akaniuliza, "Msichana, umebima trekta?"

"Ndiyo, mzee," nikajibu kwa madaha. "Ina bima. Hata ya wizi."

Akanikodolea macho, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Nami nikajiona nimemweza.

Asubuhi yake nikateremka silangani, watu wamejaa ukingoni kutazama. Nikashusha boksi, nikakanyaga mafuta, likajaa udongo pomoni. Nilipojaribu kupanda nalo ukingo, magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Usukani ukawa mwepesi mkononi, na trekta ikaanza kuinuka ije inilalie. Nikakanyaga klachi huku namwita mama yangu. Ikashuka kwa kishindo. Kule juu ukingoni kuna mtu alikuwa anacheka.

Mzee Hirsi hakucheka. Alikuja hadi kwenye gurudumu amekunja uso. "Wallahi, jana mimi nauliza wewe, umebima? Kubima! Na kamba! Ngamia mdogo ukiwekea mzigo ya nyumba mzima, itasimama?"

Lo! Kumbe kupima! Mzee wa watu hakuwa na habari na karatasi zangu za bima. Akafungua kamba aliyokuwa akifungia mizigo ya ngamia, akaivuta kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja la nyuma mpaka ukingo wa nje wa lile la pili, akapiga fundo, akaniwekea mkononi. "Boksi nafunika miguu ya nyuma, nazidi kidogo tu. Basi."

Nikarudi dukani na lile boksi kubwa na kamba yangu, nikapima moja moja mpaka nikapata dogo lililozidi kamba kidogo tu. Muuzaji akaangua kicheko. "Hilo unalotaka ni la bustani, dada. Watu watakucheka."

"Wameshacheka," nikamwambia, "na bado niko hapa. Lete." Akabadilisha kwa shingo upande.

Tukakwangua kidogo kidogo, siku baada ya siku. Palipokuwa pagumu nilishusha meno, palipolainika niliyapandisha. Wa ukingoni wakapiga kelele, "Jaza! Jaza!" Sikujaza. Mvua ilitukuta tumebakiza pembe moja, na pembe hiyo mpaka leo ina kina kifupi, nenda kaione. Lakini silanga lilishika maji, wanyama wakanywa, na hakuna kwato iliyokanyaga migomba yetu. Mzee Hirsi akatazama, akasema, "Sasa iko fizuri."

Basi sikia. Mimi sikuambii unyenyekee dukani, hata kidogo. Kuwa mbishi! Ila ubishi wako uwe upande wa kamba. Pima magurudumu, uliza uzito, uliza trekta yako ina nguvu ya kuinua kiasi gani. Wakikudharau usichukue kubwa kuwakomoa, na wakikusifu usichukue kubwa kuwafurahisha. Siku magurudumu ya mbele yakinyanyuka, juu ya kile kiti utakuwa peke yako.

Kamba ile ile hii hapa, fundo sijalifungua. Shika. Mungu akutangulie, akulindie mikono na miguu, na mvua ikukute umemaliza. Na mtu akikuuliza kama umebima, mwanangu, mwonyeshe kamba.