Nusu ya Baba Iko Siliguri

Saa tano asubuhi, soko la Chandni, Kolkata. Jhuma Sarkhel, miaka thelathini na tisa, yuko kwenye kibanda chake chembamba, anafunga skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Mbele yake kuna diski mbili za SSD, za kuhifadhia faili za kompyuta, bapa kama biskuti.

"Dada Jhuma, leo unaozesha wangapi?" anauliza Bapi, mhariri wa video za harusi, huku akipuliza chai.

"Wawili tu. Na mahari nakula mimi, wewe tulia."

Kuozesha ndilo jina la kazi yake hapa sokoni. Anaunganisha diski mbili, kompyuta inaziona kama moja. Kila faili inakatwa vipande, vingine huku, vingine kule, na diski zote mbili zinaandika kwa wakati mmoja. Video ya harusi ambayo Bapi alikuwa anainakili kwa dakika ishirini, sasa ni kumi na moja.

"Ila hawa mmoja akifa, wote wamekufa," Jhuma anamwambia. "Nakala umeweka pembeni?"

"Nitaweka kesho."

"Kesho ya mwaka gani? Mashine haitoki hapa bila nakala."

Bapi anacheka. Jhuma hacheki.

Kibanda kilikuwa cha baba yake, Nirapada, aliyepiga video harusi za watu kwa miaka thelathini. Mwenyewe hakupenda kupigwa video. Yake ipo moja tu, dakika sita: amechuchumaa uani anapara samaki wa ilishi, anaimba ovyo, anamfukuza paka.

"Anasema, 'Jhuma, zima hicho kitu, paka ataiba kichwa!' Maneno ninayo," anasema Jhuma. "Sauti ndiyo inanitoka. Nikijaribu kuisikia, inakuja ya kwangu."

Video hiyo ilikuwa kwenye diski mbili alizomuunganishia baba yake, za kwanza kabisa Jhuma kuziozesha.

Miaka mitatu na ushei iliyopita mzee alifariki. Matanga yalipokwisha, Jhuma na kaka yake Pinaki wakagawana vitu. Sahani mbili za shaba, moja moja. Miavuli miwili, mmoja mmoja. Jhuma akiwa jikoni, Pinaki akafungua kompyuta ya mzee, akakuta diski mbili zinafanana kama mapacha. Akachukua moja, akapanda treni kurudi kwake Siliguri, roho nyeupe kabisa.

"Alidhani kila diski ina baba mzima," anasema Jhuma.

Alipogundua, alimpigia simu akipiga kelele: "Umempasua baba katikati!"

"Na wewe fundi gani usiyeweka nakala?" Pinaki akamjibu.

Hapo ndipo palipouma, maana ni kweli. Hawakusemezana miaka mitatu.

Wiki iliyopita Jhuma alishindwa kuvumilia, akampigia.

"Kaka, ulipoichomeka ile diski, kompyuta ilikuuliza nini?"

"Ilisema niiandae upya."

"Ukabonyeza nini?"

"We Jhuma, zamani yote hiyo! Sikumbuki. Ilionekana tupu, nikajua umeniachia mbovu makusudi. Lakini ipo kabatini. Nimeifunga kwenye leso ya baba."

Kama Pinaki alighairi, baba yupo. Kama alikubali, diski ilifutwa; Jhuma anasema atachokoa vipande kimoja kimoja, na huenda asipate kitu.

Mwezi ujao ni Bhai Phonta, siku ambayo dada humpaka kaka yake rojo la sandali, ule mti wa manukato, kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Jhuma ameikosa mara tatu. Safari hii tiketi ya Siliguri ameshakata, na diski iliyobaki kwake ataibeba mkononi, haingii kwenye begi.

"Na ukikuta imefutwa?" Bapi anauliza, safari hii bila utani.

Jhuma anapangusa vidole kwenye sari.

"Nitampaka sandali kwanza," anasema. "Tutakula. Mashine nitaiwasha baadaye."