Gunia Nililoinua Peke Yangu

Siku ile naikumbuka kila ninapoinama kukuokota, mwanangu. Usicheke nikikushauri kama mzee. Mimi bado kijana. Ni mgongo wangu uliotangulia kuzeeka, na nitakuambia ilikuwaje.

Nilikuwa nabeba mahindi kwenye ghala moja hapa Jinja, upande wa Masese. Pale hakuna aliyejitwika gunia peke yake. Wa kunitwika mimi alikuwa Kukhu Nandutu, mama wa Kigisu aliyenizidi miaka thelathini. Kukhu kwao ni nyanya. Anashika upande wake, nashika wangu, tunalipandisha hadi kiunoni, kisha ananisukumia kichwani. Nikizubaa ananiuliza kama nangoja kuolewa na hilo gunia.

Basi wakaja wanafunzi wa chuo na kompyuta. Walitaka kutengeneza mtu wa kwenye kompyuta, abebe magunia kama sisi, wajue mgongo unavumilia nini kabla mtu halisi hajaumia. Wazo zuri, sikatai. Wakanibandika vidoti mabegani, viwikoni, magotini, wakaweka kamera pande zote. Kwenye skrini akasimama mtu wa vijiti. Nikipunga mkono, naye anapunga. Wakasema, inua kama kawaida yako.

Hapo ndipo nilipoharibu. Meneja anatazama, vijana wasafi wanatazama. Kukhu akaja kushika upande wake kama kila siku, nikamwambia akae pembeni. Nikakunja magoti kama mwalimu wa michezo alivyotufundisha sekondari, nikalinyanyua peke yangu hadi kifuani. Mara tatu. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilitunzwa makofi.

Wiki chache baadaye meneja akabandika karatasi ukutani: kompyuta imeonyesha gunia moja mtu mmoja anatosha. Watwikaji wakaachishwa kazi, Kukhu wa kwanza. Sisi tuliobaki tukawa tunajitwika wenyewe, mpaka siku kitu kikaachia kiunoni mwangu. Nililala wiki mbili, nakunyonyesha kwa ubavu, siwezi hata kukugeuza.

Nilipoweza kukaa kwenye gari nilikupakata tukaenda Mbale alikorudi Kukhu, hadi mtaa wa Namatala, tukamkuta mlangoni anachambua maharagwe. Nikamlalamikia jinsi kompyuta ilivyotudanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake haviachi maharagwe.

“Sasa mtoto wangu,” akaniuliza, “lile gunia ulipowainulia wageni, mikono yangu ulisema iko wapi?”

Akanipa chai. Akasema kile chombo ni kama wewe, mtoto mchanga niliyekupakata, kinajua kilichoonyeshwa tu. Nirudi nikakionyeshe vizuri, niache kulia kama mbuzi wa sikukuu.

Nikarudi, nikawaeleza kwamba siku ile sikuinua kama kawaida yangu. Binti aliyewaongoza wale wanafunzi alinuna kidogo, kisha akaniomba radhi yeye, maana alimwona mama mzee akisogea pembeni na hakuuliza kwa nini. Wakapiga picha upya, safari hii kwanza mtu mmoja akijitwika hadi kichwani, kisha watu wawili. Kwenye skrini kiuno cha mtu wa vijiti aliye peke yake kikawa chekundu, yaani hatari; walipokuwa wawili kikageuka kijani. Meneja akarudisha watwikaji, lakini akachukua wasichana. Kukhu hakuitwa, eti amezeeka. Kwa hilo bado nina hasira, na sitaki iishe.

Mwanangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako utaonekana mwepesi kwa kila mtu, sasa usiwasaidie kwa kujifanya hauelemewi. Akija mtu na daftari au kamera kutaka kujua kazi yako, ifanye mbele yake kama unavyoifanya asipokuwepo, pamoja na kuhema kwako. Na anayekushikia upande wa pili mtaje, hata kama nguo zake zina vumbi la unga. Ukimficha ili usifiwe, atakayeumia kwanza ni yeye, na kuomba radhi hakutamrudisha kazini. Mimi nimeomba, najua.

Mungu akunyooshee mgongo. Akupe wa kukutwika, na akupe kinywa cha kusema mbele ya wakubwa: huyu hapa, tulikuwa wawili.