Leseni ya Sauti ya Mama

Kabla mama hajafanyiwa upasuaji wa koo, tulijifungia orofani tukairekodi sauti yake. Alasiri za nyumba yetu ya Mji wa Kale zina usingizi ndani yake: mwanga huingia kwa mapengo ya dirisha, udi wa asubuhi bado umeng'ang'ania mapazia, na ukinyamaza unasikia jirani akikuna nazi. Mama alisoma sentensi nilizomwandikia kwa Kimvita chake cha taratibu. Kunguru wakilia, tunaanza upya. Mwadhini akiadhini, tunanyamaza. Hata leo siwezi kusema kama siku zile zilikuwa za huzuni. Nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa ya utotoni, kwa joto lake na raha yake.

Madaktari waliokoa maisha, sauti ikaenda. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, basi nikaandika moja: mama anachapa kwenye simu, simu inasema kwa sauti yake. Ilisema kweli, lakini bapa, kama msomaji wa taarifa ya habari. Haikujua kunong'ona wala kupaza. Mama yangu, aliyekuwa akigombana na muuza samaki mpaka mtaa mzima unacheka, sasa aliomba chumvi kwa sauti ya afisa wa serikali. Iliniuma mno, na ujuzi wangu ulikuwa umefika ukingoni.

Nikaiweka programu mtandaoni, ili mwenye kujua zaidi aitengeneze. Sauti ya mama sikuitoa. Niliweka programu tupu, kila mtu atie sauti ya mtu wake. Neno la ruhusa sikuandika. Ruhusa ya nini? Kwetu maji ya sabili yakiwekwa mlangoni hayabandikwi tangazo, mpita njia hunywa akaenda zake. Bibi harusi akiulizwa akanyamaza, watu husema ameridhia. Nimelelewa hivyo, kwamba kimya ni ridhaa.

Miezi ikapita, hakuna aliyeigusa. Kisha akaniandikia mwanamke mmoja wa Unguja, naye mwandishi wa programu, ambaye mumewe alipooza akapoteza usemi. "Asalaam aleikum dada. Kazi yako nimeiona, nami naihitaji. Lakini haina leseni, na pasipo leseni haki zote zabaki kwako. Siwezi kuibadilisha wala kumpa mtu mwengine."

Nilikasirika. Sheria gani hii inayogeuza kimya kuwa kufuli? Nikaenda kusoma nipate pa kumbishia, nikakuta dada wa watu amesema kweli.

Ijumaa baada ya chakula nilikaa na mama nikamsomea leseni mbili nilizokuwa nikizipima. Ya kwanza ilikuwa fupi: chukua, badilisha, uza ukitaka, mradi uliache jina langu na usinilaumu ikiharibika. Moyo wangu ulikuwa huko. Tenda wema nenda zako. Ya pili ilikuwa ndefu, nayo iliruhusu yote hayo, hata kuuza, ila atakayeibadilisha akawapa watu lazima awape na msimbo wake, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, kwa masharti yale yale.

Mama alichapa kwa kidole kimoja. Simu ikauliza, "Na kwa hiyo fupi, akija mtu akaitia roho, akaifungia kwake?"

"Ana haki, mama."

"Na mimi n'tabaki na hii ya afisa?"

Nikamweleza kwamba ile ndefu ni kama wakfu wa nyumba hii: mjomba alijenga chumba cha juu kwa jasho lake, lakini chumba kimeingia wakfuni na chenyewe, hawezi kukiuza. Tofauti ni kwamba nyumba ni moja, na programu kila mtu hubeba yake. Mabega ya mama yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Tia hiyo," simu ikasema. "Na mjomba wako asijue. Ataikataa, chumba chake chamuuma bado."

Nikaitia siku ile ile, nikamwandikia dada wa Unguja. Yeye alimpata fundi stadi wa mambo ya sauti, na fundi akaifanya programu ipandishe na kushusha, ikemee, ibembeleze. Akaanza kuziuza simu zenye programu hiyo. Alipoombwa msimbo alitaka kuuficha. Dada akamwonyesha masharti: kuuza yuko huru, kuficha hayuko huru. Fundi akanuna, kisha akautoa.

Niliipakia programu mpya kwenye simu ya mama asubuhi moja ya mvua, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikashuka jikoni kukaanga mahamri. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jirani, nami nikazama katika mawazo yangu, nusu niko pale, nusu sipo.

Sauti ikatoka juu, kali, na kicheko nyuma yake: "Weye! Mbona mahamri yanukia moshi? Ndoo hapa upesi!"

"Labeka, mama!" nikaitika, nikakimbia.

Nilifika nusu ya ngazi ndipo nikakumbuka kwamba mama hasemi. Nikakaa pale pale nikalia, na yeye huko juu akaendelea kuniita.