Idda na Samaki wa Jackline

Miaka thelathini na moja Idda alifua mashuka ya wagonjwa hospitalini kule Ilembula. Alipostaafu akahamia Makambako, uchafu ukabaki kumkera kama mwiba wa unyayoni. Ndiyo maana Jackline, mwanafunzi wa chuo na binti wa kaka yake, alipoomba chumba cha uani aweke matangi sita ya samaki wa mapambo, Idda alikubali shingo upande.

Chama kimoja cha wafugaji wa samaki hao kilikuwa kinafadhili utafiti wa Jackline: je, wanaweza kuishi kwenye baridi ya huku bila kupashiwa maji? Siku ya Jumanne Jackline alikwenda Njombe kujiandaa kuwaeleza wafadhili alipofikia, ili watoe fungu la pili.

"Shangazi, wape chakula tu. Kidogo, asubuhi."

Kesho yake maji yalikuwa ya kijanikijani. Idda hakuvumilia. Akayamwaga, akajaza ya bomba, akafuta vioo mpaka vikang'aa. Saa sita samaki walikuwa wakihema juu juu. Saa nane walielea kwa ubavu, wakabaki hai watatu tu.

Alimwita jirani yake Tarsis, fundi bomba. Tarsis akanusa maji.

"Mama, hii dawa ya kuua vijidudu. Sisi haitudhuru, lakini samaki! Haya hulazwa ndooni kwanza, siku mbili."

Mawazo yakamjia Idda. Alimwona Jackline akirudishwa nyumbani, masomo yamekatika, na kaka yake asimwamkie tena.

"Kuna jamaa anauza kama hawa," Tarsis akanong'ona. "Badilisha. Hatajua."

Idda aliyatazama matangi. Kisha akakumbuka wodini: mgonjwa akifa, kitandani mwake halazwi mwingine kwa jina lilelile.

"Hapana," akasema.

Alhamisi alipanda basi la kwanza kwenda Njombe. Jackline alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa kikao, karatasi mkononi, akamsalimu kikwao.

"Kamwene, shangazi! Kuna nini?"

"Samaki wamekufa, mwanangu. Nimewaua mimi."

Jackline aliketi kwenye ngazi, akalia bila sauti. Kisha akafuta macho, akatoa kalamu. "Ulibadilisha saa ngapi? Kwenye tangi lipi walibaki hai?"

Ndani, aliwaeleza wafadhili yote. Mwenyekiti, Odilo, akauliza, "Nani aliyebadilisha maji?" Idda akasimama.

"Ni mimi, baba. Yeye hakuwapo."

Odilo alishauriana na wenzake muda ulioonekana kwa Idda kama mwaka. Fungu la pili lilisimamishwa kwa miezi mitatu. Waliamua Jackline aanze upya, na maelekezo ya maji yaandikwe ukutani.

Samaki wapya walipofika, Jackline alimpa shangazi yake kopo la chakula. Idda alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Hata sasa, kila asubuhi huwahesabu akiwa mlangoni, ndipo aingie.