Mgongo wa Mume Wangu kwa Chaki Nyekundu

Nilianza kumshuku mume wangu kwa sababu ya kola. Kila Jumamosi aliaga kwamba anakwenda mji wa Laurel kumsaidia rafiki yake kutengeneza gari, akarudi na vumbi jekundu shingoni na kwenye mikono ya shati. Nimefua nguo za nyumba hii tangu tuhamie Wheaton, huku ughaibuni, grisi naijua. Hili lilikuwa laini kama poda.

"Hii nini?" nilimuuliza.

"Kutu," alijibu bila kuniangalia.

Kazini, nikiwaogesha wazee wa watu, nilikuwa namuumba mwanamke kichwani: ana poda nyekundu, ana nyumba yake, hana watoto wa kuwapikia. Simu ya mume wangu ikilia nasogea karibu. Tukilala ananipa mgongo, na nikimgusa bega anashtuka na kujivuta. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jumamosi moja niliazima gari la jirani, nikamfuata. Hakwenda Laurel. Aliingia Adelphi, akaegesha nyuma ya majengo ya ghorofa, akabisha mlango wa chini. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke wa makamo, mzuri, kitenge kiunoni, vidole vyekundu.

Nilizima gari, nikashuka. Kisha nami nikabisha.

"Karibu, Mama," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Uko bibi yake?"

Kwetu Morogoro, bibi ni yule aliyemzaa mama yako. Nilidhani ananitukana uzee.

"Mimi ni mke wake!" nilifoka.

"Ndiyo hivyo, kwetu bibi ni mke. Ingia tu."

Mume wangu alikuwa katikati ya sebule, kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, ameinama na kukumbatia blanketi lililoviringishwa. Alinitazama, blanketi likamponyoka. Ukuta mzima ulibandikwa karatasi zilizochorwa kwa chaki nyekundu: mgongo, mkono, kisigino, mgongo tena.

Yule mwanamke alinieleza bila haraka. Parokia yao ilikuwa na picha ya Yesu akishushwa msalabani, nakala ya mchoro wa Italia wa karne ya kumi na saba, na maji ya paa yaliiharibu. Ameombwa kuichora upya, naye anafuata njia ya wachoraji wa enzi ile: kabla ya kugusa rangi, kila aliyemo kwenye picha huchorwa kwanza kwa chaki nyekundu kutoka kwa mtu hai. Alimwona mume wangu akipakua mizigo kwenye ghala anakofanya kazi, akamwomba. Kwenye picha, mume wangu ndiye anayeipokea miguu ya Bwana; blanketi lilishika nafasi ya miguu hiyo.

"Na Laurel je?" nilimuuliza mume wangu.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Ningekuambiaje kwamba navua shati kwa mwanamke wa watu?"

Sikuridhika. Nilipita mchoro mmoja baada ya mwingine nikitafuta dalili, sijui hata dalili gani. Nilichokiona ni bega. Kwenye kila karatasi, bega la kulia lilikuwa limeshuka, na shingo imekakamaa upande huo.

"Mbona umempindisha hivi?"

"Sikuongeza kitu, Mama. Bega yake inamuuma tangu sanduku imwangukie kule kazi. Mkono haipandi. Hakukuambia?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anavaa shati kwa mkono mmoja.

Daktari alikuta kano ya bega imechanika. Wakampasua, akakaa nyumbani hadi majani ya miti yakapukutika, na yule mwanamke akaimalizia picha yake kwa ile michoro aliyokuwa nayo. Inasemekana imependeza. Mimi sijaenda kuiona.

Poda niliyoiwazia haikuwepo, na mapenzi sikuyaona, ingawa niliendelea kuyatafuta kwa muda. Kilichobaki kunikereketa ni kwamba mgeni alijua kabla yangu. Siku tunatoka hospitali nilishindwa kuvumilia.

"Yule ulimwambia unaumwa. Mimi mkeo, kimya."

Aligeuka akatazama nje ya dirisha la gari, mkono umefungwa kifuani.

"Aliniuliza kama naumwa," alisema.